Mapaja ya kuku ya "Kiasia": kwa nini yanaungua nje na kubaki mabichi mfupani

Jumapili iliyopita mchana wifi yangu alinitumia picha, na chini yake swali moja: "Wifi, nimefuata kila kitu walichosema, mbona imekuwa hivi?" Mapaja sita ya kuku yalikuwa kwenye kikaango, juu meusi kama mkaa. Moja alikuwa amelichana kwa kisu, na ndani nyama ilikuwa nyekundu, inateleza, inang'ang'ania mfupa. Alikuwa ametazama video ya dakika moja. Akachanganya soya, asali, kitunguu saumu na tangawizi, akayalaza mapaja humo usiku kucha, asubuhi akayatumbukiza kwenye mafuta ya moto.

Vipimo vyake vilikuwa sawa, na kuku alikuwa mzuri. Shida ni kwamba pishi hili lina mambo mawili yanayovutana, na video fupi haina muda wa kueleza hilo. Nimeulizwa swali la wifi mara nyingi, na watu wa mbali na jikoni kwangu, kwa hiyo acha nilieleze kwa kirefu.

Kwanza hilo neno "Kiasia". Kwetu Afrika Mashariki ukisema Mwasia, mtu anawaza Wahindi, zile familia zenye asili ya Gujarati na Punjab tulizoishi nazo vizazi na vizazi. Kwa maana hiyo kuku wa Kiasia tunampika tangu zamani: biriani, tanduri, kuku wa kupaka wa Mombasa. Lakini mapishi yanayozunguka kwenye simu yanamaanisha upande mwingine wa bara hilo: China, Japani, Korea, na kusini zaidi Vietnam, Thailand, Ufilipino na Indonesia. Nako si jiko moja. Mjapani ana teriyaki, neno linalounganisha mng'ao na kuchoma: nyama inaiva kwanza, kisha inavishwa soya, sukari na mirin (mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia) hadi ing'ae. Mfilipino ana adobo, kuku wa kuchemkia kwenye siki, soya, kitunguu saumu, majani ya bay (bay leaf) na pilipili manga, wala sukari si lazima. Wako pia wanaomwekea tui la nazi, na mtu wa Tanga akimwonja huyo hatajiona yuko ugenini. Taiwan kuna kuku wa vikombe vitatu: kimoja cha soya, kimoja cha mafuta ya ufuta, kimoja cha mvinyo wa mchele. Mvietnamu humpika kuku kwa tangawizi na sosi ya samaki, ambayo ni samaki wadogo wa jamaa ya dagaa waliochachishwa na chumvi mpaka wakatoa maji.

Kwa hiyo "kuku wa Kiasia" si sosi moja ya chupa. Kinachoyaunganisha mapishi haya ni kwamba chumvi haiji peke yake. Inakuja ndani ya kitu kilichochacha, kisha inasawazishwa na utamu kidogo, uchachu kidogo, na harufu ya tangawizi na kitunguu saumu. Ukishika hilo, unaweza kupika bila video.

Sasa hiyo soya yenyewe. Maharage ya soya hupikwa, yakachanganywa na ngano iliyokaangwa, yakapandwa kuvu maalumu, kisha yakalowekwa kwenye maji ya chumvi na kuachwa yachache kwa miezi. Anayejua kupika togwa ataelewa haraka. Kwenye togwa kimea kinavunja wanga wa uji, uji unakuwa mtamu bila kutiwa sukari. Kwenye soya, kuvu linavunja protini ya maharage, na kinachotoka ni ule uzito wa ladha unaofanya mate yajae mdomoni. Iko pia soya ya haraka, ambayo protini huvunjwa kwa asidi ndani ya siku chache kisha ikatiwa chumvi na rangi ya karameli. Ni chumvi kali isiyo na ladha nyuma yake. Soma orodha ya viungo kwenye chupa: ukiona maharage ya soya, ngano, maji na chumvi, hiyo imechachishwa. Ukiona protini iliyovunjwa na rangi, hiyo ni ya haraka. Hata hiyo inaliwa, ila punguza kipimo.

Kosa lingine hutokea dukani. Kuna soya nyepesi na soya nyeusi, na wengi huchukua nyeusi wakidhani ndiyo kali. Ni kinyume. Nyepesi ndiyo yenye chumvi nyingi, ndiyo ya kukolezea. Nyeusi ni nzito, ina utamu kidogo, na kazi yake kubwa ni rangi. Ya Indonesia, iitwayo kecap manis, ni tamu kama asali na inaungua haraka kuliko zote. Ukitumia nyeusi mahali pa nyepesi, chakula kinapooza, unaongeza tena na tena, na mwisho una mchuzi mweusi tii.

Na tusidanganyane kuhusu chumvi. Kijiko kikubwa kimoja cha soya ya kawaida kina takriban gramu 2.3 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku nzima. Kwa hiyo anayemimina soya nusu kikombe kwa watu wanne, kisha akanyunyiza chumvi ya kawaida na kubomolea kidonge cha supu, ametia chumvi mara tatu. Kama nyumbani kuna mtu mwenye presha, hili ndilo la kuangalia kabla ya jingine lolote.

Turudi kwenye paja. Kuku wetu haruki, anatembea. Kidari chake hakifanyi kazi kubwa, ndiyo maana ni cheupe na laini. Mapaja yanambeba kutwa, kwa hiyo yana protini ya kuhifadhi oksijeni inayoyapa rangi ya kukolea, yana mafuta zaidi, na yana nyuzi za kolajeni zinazoshika misuli. Kolajeni unaijua hata kama jina hulijui. Ndiyo inayofanya supu ya makongoro igande ikilala usiku, na midomo inate ukiinywa. Ikiwa mbichi ni ngumu kama mpira. Ikipewa joto na muda inayeyuka, na nyama inakuwa na ule ulaini wa kujiachia.

Nyama ya kuku ni salama ikifika nyuzi 74 za Selsiasi katikati. Kidari ukikitoa hapo ni kizuri, ukikizidisha kinakuwa kama pamba. Paja likitolewa kwenye 74 ni salama lakini bado linavuta, bado lina utelezi karibu na mfupa. Uzuri wake uko kwenye nyuzi 80 mpaka 85. Ndiyo sababu namshauri kila anayeanza atumie mapaja: ukichelewa dakika tano hayakuadhibu.

Upande wa pili kuna sukari. Sukari ya kawaida huanza kugeuka kahawia kwenye nyuzi kama 160, na asali huanza mapema zaidi, kwenye nyuzi kama 110. Mafuta ya kukaangia yana nyuzi 170 au 180. Kitunguu saumu kilichotwangwa nacho kinaungua ndani ya dakika moja. Hapo ndipo wifi yangu aliponaswa. Paja lilihitaji kama nusu saa motoni, asali na saumu zilihitaji dakika chache tu, naye alikuwa ameviingiza vyote kwa pamoja. Juu paliungua kabla joto halijafika mfupani. Alipoona weusi akaepua, na ndani bado.

Ukitaka niliseme kwa maneno manne: chumvi mapema, sukari mwishoni. Mpishi wa kuku wa kupaka analijua hili bila kuambiwa. Haanzi kwa kumpaka tui zito kuku mbichi na kumtupa juu ya makaa. Anamchoma kwanza, akikaribia kuiva ndipo anapaka, anageuza, anapaka tena. Teriyaki ni wazo hilohilo, tofauti ni kilichomo kwenye bakuli. Wavietnamu wanaonekana kukiuka, maana huanza kwa kuyeyusha sukari sufuriani mpaka iwe kahawia ya kukolea. Lakini angalia wanachofanya baada ya hapo: wanamimina maji, na tangu hapo sukari ile iko ndani ya mchuzi unaochemka, haigusi tena moto mkavu.

Ninavyopika mimi ni hivi. Kilo moja ya mapaja yenye mfupa na ngozi, ambayo mara nyingi ni matano au sita. Nayakausha vizuri kwa karatasi za jikoni, kwa sababu ngozi yenye maji haikaangiki, inatokota. Nanyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi pande zote na kuyaacha kwenye friji, saa moja au usiku kucha, bila soya wala asali. Chumvi ndiyo inayoingia ndani ya nyama polepole. Vingine karibu vyote hubaki juu juu hata ukiloweka siku mbili, kwa hiyo ile imani kwamba tangawizi italala na kuku hadi ifike mfupani haina mashiko. Unachofaidika ukiloweka usiku kucha ni chumvi iliyomo kwenye soya, basi.

Nayapanga kwenye kikaango kizito kikiwa baridi, ngozi chini, bila tone la mafuta, ndipo nawasha moto wa wastani. Watu hushangaa hapo. Lakini ngozi ya paja ina mafuta yake, na joto likipanda taratibu yanayeyuka na kutoka, paja linajikaanga lenyewe. Ukianza na kikaango cha moto mkali, ngozi inajikunja na kufungia mafuta ndani. Dakika za kwanza kimya, halafu unasikia mchirizo mdogo, halafu sauti inashikamana kama mvua juu ya bati. Usiyaguse. Baada ya dakika 12 mpaka 15, jaribu kuinua moja. Likijiachia lenyewe, ngozi imekuwa ya dhahabu. Likigoma, bado, usilikwangue. Kisha geuza, funika, punguza moto, ongeza dakika nyingine 10.

Hapo mwagia kwenye bakuli mafuta yaliyotoka, bakiza kijiko kimoja kikaangoni, na hayo mengine usiyatupe. Sogeza mapaja pembeni, tia tangawizi iliyokunwa na punje nne za saumu, koroga kwa nusu dakika tu. Mimina mchanganyiko ulioandaa kabla: vijiko vikubwa viwili vya soya nyepesi, kijiko kikubwa kimoja cha sukari au asali, kimoja cha maji ya ndimu au siki, na maji nusu kikombe. Maji hayo ni muhimu. Yakiwepo, joto la mchuzi haliwezi kupita sana nyuzi 100, na sukari iko salama. Acha wazi, ngozi juu, uteke mchuzi kwa kijiko na kuumwagia juu ya nyama.

Sasa simama hapohapo na uangalie mapovu. Mwanzoni ni madogo, meupe, yana haraka. Maji yakipungua yanakuwa makubwa, mazito, yanapasuka taratibu, na mchuzi unaanza kung'aa. Pitisha mwiko katikati ya kikaango: njia ikikaa wazi kwa sekunde moja au mbili kabla mchuzi haujaifunika, epua. Dakika moja zaidi na umerudi kwenye picha ya wifi. Kwa jiko la mkaa, ambalo halina kitufe cha kuzungusha, punguza makaa au yafunike majivu kabla ya kumimina mchuzi.

Mwisho matone machache ya mafuta ya ufuta uliokaangwa, moto ukiwa umezimwa, maana harufu yake hupotea kwa joto. Tanzania ni miongoni mwa walimaji wakubwa wa ufuta duniani. Ufuta wa Lindi na Mtwara unasafirishwa kwenda China, Japani na kwingine, nasi tunanunua chupa ndogo ya mafuta yake iliyorudi kwa meli. Ukikosa chupa hiyo, kaanga ufuta mkavu kwenye kikaango mpaka unukie, utwange kidogo, nyunyiza juu. Kwangu mimi ni bora kuliko chupa.

Kama kuku wako ni wa kienyeji, usifuate njia hii moja kwa moja. Paja la jogoo aliyezunguka uani mwaka mzima lina kolajeni ngumu, na nusu saa ya kikaango haimtoshi. Mchemshe kwanza na tangawizi mpaka alainike, mkaange, kisha tumia supu yake mahali pa yale maji nusu kikombe. Mchuzi utakuwa mtamu kuliko wa kuku wa kisasa.

Tahadhari kuhusu konflawa, maana mapishi mengi huitaja kwa kuufanya mchuzi uwe mzito. Si unga wa sembe. Mahindi ni yaleyale, lakini konflawa ni wanga mtupu uliotengwa, mweupe, unaolia ukiufinya kwenye vidole. Sembe, hata ikiwa imekobolewa, si wanga mtupu, na ukiitia kwenye mchuzi wa soya unapata uji wa chengachenga. Koroga konflawa kijiko kimoja cha chai kwenye maji baridi kwanza, ndipo uitie. Kwa pishi nililoeleza huihitaji, subira inatosha.

Waislamu wengi wameniuliza kuhusu mirin na mvinyo wa mchele. Ndiyo, ni vileo. Mirin halisi ina takriban asilimia 14 ya alkoholi, na si kweli kwamba alkoholi yote hupotea chakula kikichemka. Maji, sukari na ndimu kama nilivyoeleza vinafanya kazi ile. Soya iliyochachishwa nayo huweza kubaki na kiasi kidogo kinachotokana na kuchacha, kwa hiyo anayetaka utulivu wa moyo atafute chupa yenye nembo ya halali.

Halafu kuna ajinomoto, ambayo wengine hawataki hata kulisikia jina lake. Mwaka 1908 mwanakemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alitenga kutoka kwenye mwani wa supu kitu kinacholeta ile ladha nzito. Kilikuwa glutamati, na mwaka uliofuata ilianza kuuzwa ikiwa unga mweupe. Hofu ilianza mwaka 1968, baada ya barua moja ya daktari katika jarida la kitabibu la Marekani kueleza ganzi na mapigo ya moyo baada ya kula mgahawa wa Kichina, naye akikisia sababu kadhaa. Majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha kwamba kiasi cha kawaida kwenye chakula kinaleta madhara, ingawa wapo wachache wanaopata usumbufu wa muda wakipewa dozi kubwa bila chakula. Glutamati imo kwenye nyanya, kwenye soya, hata kwenye maziwa ya mama. Ukiwa na soya nzuri huna haja ya kuiongeza. Lakini kuikimbia ajinomoto huku unabomoa vidonge vya supu, ambavyo vingi vinayo, ni kujisumbua bure.

Kuhusu wekundu mfupani: si kila wekundu ni ubichi. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki chache tu, mifupa yake bado ina vitundu vidogo vidogo, na rangi ya uboho hupenya na kutia nyama wekundu hata ikiwa imeiva kabisa. Rangi basi si shahidi wa kutegemea. Shika nyama yenyewe. Iliyoiva inaachia mfupa na nyuzi zake zinatengana. Mbichi inateleza na kurudi kama mpira, kama ile ya wifi. Kipimajoto kidogo cha jikoni humaliza ubishi.

Na la kuosha. Mama zetu walitufundisha kuosha kuku mpaka maji yatoke meupe, na walifanya hivyo kwa usafi na mapenzi. Lakini wadudu wanaosumbua, salmonela na kampilobakta, hawaondoki kwa maji wala kwa ndimu. Wanakufa kwa joto. Maji ya bomba yakipiga nyama yanaruka, yanawabeba hadi kwenye sinki, vyombo, na kachumbari uliyokwisha kukata. Ndiyo maana mamlaka za afya za Uingereza na Marekani zinashauri kuku mbichi asioshwe. Kuku wa pakiti mkaushe tu. Kama umemnunua sokoni amechinjwa asubuhi, ana damu na vinyoya, mwoshe ndani ya bakuli lenye maji yaliyotulia, mwaga polepole, kisha safisha sinki, bakuli na mikono kwa sabuni.

Wifi alijaribu tena Jumatano, na safari hii alinipigia simu ya video badala ya kutuma picha, kikaango kikiwa bado motoni. "Wifi, mapovu yamekuwa makubwa, niepue?" Nikamwambia pitisha mwiko. Njia ikakaa wazi. Akaepua, na watoto walikuwa wameshakaa mezani na sahani za wali.

Yale mafuta ya bakulini aliyakumbuka mwenyewe. Aliyarudisha kwenye kikaango kingine, akatia punje mbili za saumu na fungu la chainizi lililokatwa kwa mkono, dakika mbili, na tone moja la soya.